Mkono wa Debe

Sehemu ya kumi na moja

Wiki iliyopita tulimwacha Wilf Hebden na kipande cha samaki kwenye uma, hakijafika mdomoni, na Sajini Binns kasimama mlangoni mwa jiko la Hilda, binti yake Wilf. Mmeuliza wengi, sajini alisema nini. Hakusema mengi. Alivua kofia, akaikung'uta maji, akamtazama mzee wa watu kuanzia soksi hadi upara.

"Hujambo, Funga-Mlango? Naona sugu wetu kanenepa."

Uma ukalia kwenye sahani.

Tangu atoke, miezi tisa sasa, hakuna aliyekuwa amemwita Wilf jina hilo. Hapo Bradford, katika nyumba ile ya mawe meusi kwa moshi, yeye alikuwa baba yake Hilda, baharia mstaafu, anayesukuma mikokoteni kwenye kiwanda cha sufu. Ndivyo Hilda alivyowaambia majirani. Ndivyo alivyomwambia hata mumewe, Len Tordoff, dereva wa lori la kiwanda hicho hicho.

Na Len alikuwa palepale mezani, anakula kama alavyo siku zote, mkono wa kushoto ameuzungusha sahani, utadhani kalelewa na ndugu kumi wenye njaa. Aliinua uso taratibu.

Akauliza sugu ni nani, na sugu wa nini.

Sajini Binns alikuwa mtu wa kupenda kuulizwa. Alivuta kiti bila kukaribishwa. Kila kazi ina majina yake, akasema, na jela nayo ni kazi kama nyingine. Anayeingia mara ya kwanza hushonewa nyota nyekundu kwenye mkono wa koti, na wenzake humwita hivyo hivyo, nyota. Akirudi mara ya pili nyota haipati tena. Akirudi tena na tena, hadi askari jela wanamuuliza habari za nyumbani, huyo sasa ndiye sugu.

"Na baba mkwe wako, bwana, amekula mvua ishirini na mbili, kwa vifungo vitano. Hata mimi sijafikisha miaka hiyo kazini. Namtaka kiwandani, sasa hivi."

Birika peke yake ndilo lililokuwa linazungumza.

Hilda alisimama. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono myekundu kwa kufua nguo za watu, na hapandishi sauti.

"Mwite majina yote uliyojifunza huko kwenu, Sajini. Hapa ndani ana moja. Hapa anaitwa baba."

Wilf hakumwangalia binti yake. Alikuwa anamwangalia mkwe. Alisubiri Len ainuke, amwonyeshe mlango, aseme sitalala nyumba moja na mnyang'anyi. Angekuwa na haki. Mtu amedanganywa kwake mwenyewe, mezani pake, kwa miezi tisa.

Len akafuta mdomo. Akakunja gazeti lililofungiwa samaki, mara mbili, mara nne, likawa dogo na la pembe sawa kabisa. Kisha akasema, "Chukua koti, mzee. Nakwenda na wewe."

Wilf nusura alie. Miaka ishirini na miwili ndani, hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo.

Nje, Bi Sugden wa nyumba ya pili alikuwa amepiga magoti anasugua jiwe la mlango wake, kazi aliyokwisha kuimaliza asubuhi. Hakuinua kichwa. Alilisemesha jiwe, ila kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kwamba yeye alijua toka siku ya kwanza. Baharia gani hana hata doa la jua. Yule ni mnyea debe, akaliambia jiwe, na mnyea debe utamjua kwa weupe wake, kama kiazi kilichoota chini ya kitanda.

Hilda akapita akifunga vifungo vya koti lake. Naye alikuwa anakwenda. Sajini alisema hapana nafasi ya mwanamke kwenye shughuli hii, naye Hilda akawa ameshaketi ndani ya gari.

Njiani sajini akaeleza yaliyotokea, sauti ile ile ya mtu anayesoma bei za sokoni. Usiku wa Alhamisi majora manne ya kitambaa cha suti, buluu iliyoiva, kilichokuwa kinasubiri meli, yalitolewa stoo ya kiwanda. Kitasa hakikuvunjwa. Kilibembelezwa kwa waya mpaka kikakubali. Na mwizi alipomaliza alizima taa, akaunyoosha mkeka wa kufutia miguu, akafunga mlango nyuma yake kama mtu atokaye kwake kwenda kanisani.

"Niambie, mzee. Wezi wangapi unawajua wananyoosha mkeka?"

Wilf alikuwa anamjua mmoja tu, na mmoja huyo alikuwa amekalia mikono yake kwenye kiti cha nyuma.

Maana polisi wana kabati la kadi huko makao makuu. Fundi cherehani hujulikana kwa mshono, na mwizi hujulikana kwa mkono wake. Huyu huingilia dirisha la choo, yule hula jibini la mwenye nyumba kabla ya kuondoka. Sajini alikuwa amepiga simu Ijumaa, akasema mkeka, akasema mlango. Ikatoka kadi moja.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinampa Wilf jasho, maana wizi tu usingemtoa jasho. Mwizi mzoefu akikamatwa hutikisa kichwa akaenda. Lakini siku ya mwisho aliposimama kizimbani, jaji alimvulia miwani. Hebden, alimwambia, sheria sasa ina kifungo cha peke yake kwa watu kama wewe. Hatukufungi kwa ulichoiba, tunakufunga kwa jinsi ulivyo. Ukiletwa tena hapa, hata kwa kijiko, ni kumi.

Kumi juu ya sitini na tatu. Kifua chake tayari kilikuwa kinapiga filimbi asubuhi. Angetoka, ndiyo, ila angetoka amebebwa na watu wanne.

Na hakuiba. Mungu ni shahidi, safari hii hakuiba.

Kiwanda kilikuwa kimya. Jumamosi mashine husimama saa sita, na baada ya hapo hubaki harufu tu, ya mafuta ya kondoo na vumbi lililolowa. Walipita kati ya mashine hadi mlango wa ofisi ya stoo. Sajini akarudi nyuma nusu hatua, makusudi, akamwacha Wilf atangulie.

Wilf alifika mlangoni, akasimama.

Miguu pamoja, macho kwenye mbao. Akasubiri.

"Sukuma tu, mzee," sajini akasema, na kicheko kimo ndani. "Hapa hakuna wa kukufungulia."

Mlango wa selo hauna kishikio kwa ndani. Mtu akikaa miaka yote ile, kiganja chake husahau milango. Hufika, husimama, husubiri funguo zilie. Hilda alilijua hilo, ndiyo maana nyumbani milango yote hukaa wazi hata wakati wa baridi, na makaa huisha upesi kuliko kwa jirani. Akapita kando ya baba yake, akausukuma mlango yeye.

Ndani walimkuta Ambrose Utley, mtunza stoo. Mtu wa miaka hamsini na kitu, kola nyeupe, kucha safi, shemasi wa kanisa lao, yule asomaye somo kila Jumapili kwa sauti ya kulia kidogo. Ni huyo aliyemwandikia Wilf jina kwenye daftari la kazi. Ofisi ilikuwa na jiko la chuma, meza, viti vinne, na mlango ule mmoja. Mezani palikuwa na shada la funguo za stoo, kubwa kama la lango la ngome. Sajini akaweka karatasi na kalamu pembeni yake.

Len na Hilda wakakaa kwenye viti vya nyuma karibu na mlango. Wilf akawekwa mbele.

Sajini akamwomba Bwana Utley arudie maneno yake. Utley akakohoa kidogo. Akasema hana chuki na mtu, tena alimpa mzee huyu kazi kwa moyo mkunjufu. Ila Alhamisi, saa za kufunga, alimwona kwa macho yake. Alimwona amesimama mbele ya mlango wa stoo.

"Dakika nzima, afande. Hagusi kitu, hasemi kitu. Anautazama mlango tu, kama mtu anayeupigia hesabu."

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomkata Wilf maini. Alisimama pale, ndiyo, na toroli lake, akisubiri mlango ufunguliwe, mpaka akakumbuka kwamba yeye ni mtu huru. Angewaeleza nini? Angeeleza kwa mdomo gani?

Sajini akamgeukia Len. Alhamisi usiku, je, alimsikia mzee akitoka?

Len alikuwa anazungusha kofia yake magotini. Akasema yeye akilala amelala. Gogo lina masikio kuliko yeye.

Hilda akasema alimsikia baba yake akikohoa usiku kucha upande wa pili wa ukuta, saa nane, saa tisa, saa kumi. Sajini akaandika, lakini kwa ile namna ya kuandika ya mtu asiyekusudia kusoma tena. Neno la binti, akasema, jaji hulipokea kama anavyopokea kadi ya sikukuu.

Kisha akasukuma ile karatasi. Saini, mzee. Sema majora yako wapi, nami nitamwambia jaji ulikuwa muungwana. Labda itakuwa miaka saba badala ya kumi.

Utley, kwa kuona kazi inakwisha, akatoa kiko chake. Akakishindilia tumbaku kwa kidole. Akatoa kikopo kwenye mfuko wa kizibao, akakifungua, akachukua njiti ya kiberiti, akaikwaruza kwenye jiko.

Ndugu wasomaji, hapo Wilf Hebden aliacha kupumua.

Ile njiti ilikuwa nyembamba kama mwiba wa samaki. Haikuwa njiti. Ilikuwa robo ya njiti.

Mtu huru ana kiberiti kizima mfukoni, na kikiisha huingia dukani. Nani huketi akapasua njiti moja vipande vinne? Kuna mahali pamoja tu ambapo njiti ni mali, ambapo mtu huiweka juu ya meza, huchukua sindano ya kushonea mifuko ya posta, akaipasua kati, akaipasua tena, kichwa na mwili, bila kumwaga hata chembe ya baruti. Wilf alipasua hivyo maelfu. Alipotoka aliendelea kupasua, mpaka Hilda alipomcheka akaacha.

Huyu alikuwa hana binti wa kumcheka.

Utley akainua macho juu ya moshi. Akaona Wilf anatazama kile kikopo. Wakatazamana, na ndani ya kutazamana huko kila mmoja akajua. Uso wa shemasi ukawa rangi ya majivu, rangi ile ya kiazi aliyoisema Bi Sugden.

Kumbe alijua. Wilf akawaza kwa hasira. Alhamisi aliponiona nimesimama mbele ya mlango, alijua kwa nini. Watu wote wa kiwanda hiki wangekosea, lakini yeye alijua, naye akaenda kwa polisi akasema napiga hesabu.

Tena mkeka. Habari ya mkeka Wilf aliisimulia mara moja tu maishani, kwenye banda la kushonea mifuko, kule gereza la nyikani, majira moja ya baridi, ili kuwachekesha watu. Walikuwa watu ishirini wameinamia sindano, hakumkumbuka hata mmoja wao kwa sura. Mwizi wa majora alikuwa mmoja wa ishirini hao.

Utley akachukua kalamu mezani, akamletea yeye mwenyewe, kwa adabu ya shemasi. Akainama. Midomo yake haikutikisika. Ndivyo wanavyosema watu wa banda lile, ambako kuzungumza kunaharamishwa. Sauti hutoka kooni na uso hubaki umelala.

"Sikuchukua mimi. Naapa. Lakini wakijua nilikuwa ndani, watanichukua mimi. Mke wangu hajui. Bora wewe, mzee. Wewe wameshakuzoea."

Akarudi kwenye kiti chake.

Wilf akaishika kalamu. Wewe ungesema, bila shaka. Ungepiga kelele, afande, huyu naye ni mwenzangu, mtazame njiti zake. Lakini wewe hujalala kule. Wilf hakuwa na dini nyingi, ila amri moja aliishika tangu enzi zake za nyota: humchomei mwenzako utambi, humtaji kwa askari. Alimwona kwa macho yake aliyewataja wenzake, alivyomwagiwa uji unaochemka, uji uliotiwa sukari ili unate ngozini. Wilf mwenyewe ndiye aliyewashikilia mashuka watu wanne walioumwaga, askari wasione. Mtaja wenzake hana jina hata kwenye lugha ile yenye majina ya kila mtu. Huitwa kile. Kile kimepita. Kile kimekula.

Basi hakumtaja. Alikaa na kalamu, akamsikia Hilda nyuma yake anavuta pumzi kwa shida, akafikiria miaka kumi ya kumsikia hivyo kwenye chumba cha wageni cha jela, nusu saa kwa mwezi, askari kasimama kati yao.

Macho yake yakaangukia shada la funguo.

Akaiweka kalamu chini.

"Afande, niruhusu hizo funguo kidogo. Nikuonyeshe jambo kuhusu milango."

Sajini akatabasamu. Alidhani sasa mzee anataka kuonyesha alivyobembeleza kitasa, wazee wa kazi hupenda sifa. Akamsogezea.

Wilf akasimama. Funguo zilikuwa nzito, baridi, akazipima kiganjani. Ukutani palipita bomba la chuma la maji ya moto. Akaliendea, akampa kila mtu mgongo. Akavuta pumzi, akaitafuta ndani ya kifua chake kibovu ile sauti iliyomwamsha asubuhi elfu nane.

Akapiga funguo kwenye bomba. Mara tatu. Kelele ikatembea ukutani kama treni.

"Debe nje!"

Haikuwa sauti ya Wilf. Ilikuwa ya mkuu wa zamu, kavu, haina baba wala mama.

Kiti kikaanguka. Kiko kikavunjika sakafuni. Wilf alipogeuka, Ambrose Utley, shemasi, msomaji wa somo, alikuwa hayuko mezani tena. Alikuwa kando ya mlango, upande wa kushoto, mgongo ukutani, visigino vimebanana, kidevu juu. Macho yake hayakuwa yanaona mtu. Mkono wa kushoto ulibana paja. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa kwenye kiwiko, kiganja kimeshika hewa, kwa uangalifu, mbali kidogo na nguo.

Sajini Binns aliwahi kuwa askari wa vita. Alijua mwanajeshi anavyosimama, mikono yote miwili chini. Huku si kusimama kwa mwanajeshi. Kuna aina moja tu ya binadamu anayeamka asubuhi akasimama mlangoni hivyo, mkono mmoja mbele, akichunga debe la choo cha usiku lisimwagike.

Wilf akahisi joto likimrudi vidoleni. Sikumtaja, alijiambia. Mashahidi wote wapo, sikutamka jina la mtu. Nimepiga bomba tu, mwili wake umejitaja wenyewe. Mwili hauna siri. Aliyeumwa na nyoka hushtukia ung'ongo.

Sajini aliinuka polepole. Sauti yake ikawa ya upole, na kwa polisi huo ndio wakati wa kuogopa.

"Bwana Utley. Umebeba nini hapo mkononi?"

Utley akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Midomo ikacheza. Chozi likamshuka shemasi, moja, likaingia kwenye kola. Alisema kwamba ilikuwa zamani, mara tatu tu, kwa jina lingine, katika mji mwingine. Akasema na hayo majora hakuyagusa, wamuue leo lakini hakuyagusa.

"Wote huanza hivyo," sajini akasema, akatoa pingu.

Wilf akafumba macho. Akauona mlango wa nyumbani kwa Hilda, wazi, na baridi yote inaingia, naye ameketi karibu na moto anakufa kikongwe kwenye kiti chake. Alikuwa amepona. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake bomba lile lilikuwa limelia kwa faida yake.

Ndipo akasikia sauti ya binti yake: "Len?"

Hakuwa anamsemesha Utley. Hata hakuwa anamtazama. Alikuwa bado ameketi kwenye kiti chake cha nyuma, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, kofia ya dereva imeanguka mbele yake sakafuni.

Wilf akageuka polepole, kama mtu anayejua atakachokiona na anataka kukichelewesha.

Mlango una pande mbili. Kushoto alisimama Utley. Kulia alisimama Len Tordoff, mgongo ukutani, visigino vimebanana, kidevu juu. Len aliyekula akiwa ameikumbatia sahani. Len aliyekunja gazeti likawa na pembe nne sawa, kama blanketi la asubuhi. Len aliyelala kama gogo usiku wa Alhamisi, mwenye lori. Len asiyeuliza kitu miezi tisa, kwa kuwa hakuwa na la kuuliza. Alikuwa ameshasikia yote, yeye mmoja wa wale ishirini wa bandani, ameinamia sindano yake.

Sajini naye alikuwa ameona. Pingu zilibaki zikining'inia kidoleni mwake, hazijui ziende kushoto au kulia.

Funguo zikamponyoka Wilf.

Hilda akainuka, akaiokota kofia ya mumewe, akaikung'uta vumbi. Akamwendea hadi mbele ya uso wake. Aliutazama ule mkono wa kulia, uliokunjwa, uliotulia, uliozoea. Akauliza kwa sauti ile ile aliyomjibia sajini jikoni.

"Na wewe, Len? Wewe umebeba nini?"

Mkono wa Len haukushuka.